Siku Nilipoziba Kasoro ya Diski Madibira

Niliondoka Ruaha Mbuyuni alfajiri na begi moja, nikabadilisha mabasi Iringa na Mafinga, nikashuka Madibira jioni na vumbi hadi kwenye kope. Nilisikia skimu ya mpunga inatafuta fundi wa kompyuta. Mimi niliishia kidato cha nne, lakini mdomo wangu una shahada.

Kesho yake asubuhi katibu wa skimu, Mama Mgaya, alinikabidhi kompyuta yenye ratiba ya zamu za maji. Nikagundua programu inayofunga diski kwa siri, mwizi asisome kilichomo, ina kasoro: ilikuwa ikiandika nje ya eneo lake la kumbukumbu.

"Ni kama mtu anayefungulia maji ya jaruba la jirani," nikawaeleza wakulima. Wakatikisa vichwa kukubali, kwa heshima.

Nikanakili namba ndefu ya dharura ya kufungulia diski, nikaitunza, kisha nikaweka sasisho la kuziba kasoro. Kompyuta ikazimika, ikawaka, ikadai ile namba.

Mama Mgaya hakushtuka. "Si umeitunza, fundi?"

"Vizuri sana, mama. Sikuiandika kwenye karatasi, karatasi hupotea."

"Iko wapi?"

Miche ilikuwa inanyauka, na wakulima walijaa mlangoni wakingoja kujua maji ni zamu ya nani. Nikaielekezea kompyuta kidole.

"Humo?"

"Humo ndani, mama."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mzee mmoja tu alisema taratibu, "Fundi, basi la Mafinga linaondoka saa nane mchana."

Nililiwahi.