Mwalimu Wetu wa Kung Fu na Habari za Risasi

Wiki iliyopita, rafiki yangu, nilipita Yeoville, mtaa wetu wa zamani wa Johannesburg, nikakuta ule ukumbi wa kanisa tuliojifunzia kung fu unauza magodoro. Muuzaji aliniuliza nataka la watu wangapi. Nikatoka nje nikilia kama mjinga.

Jumamosi za 2017 na 2018, sisi watoto wa Kikongo ndio tuliosukuma mabenchi ukutani na kupiga deki kabla mwalimu hajafika. Mimi na mdogo wangu tulikuwa tumeshafagia saluni ya mama, nywele bandia zimetuganda kwenye soksi. Mwalimu alitoka moja kwa moja kazini, kwenye ghala moja la Midrand alikolinda geti, bado na viatu vyake vizito. Alikuwa mtu wa Bukavu kama sisi, mwembamba, mwingi wa maneno. Akishatuchosha kwa mateke, alitukalisha chini tule maandazi ya mama, naye akatupa habari za Uchina wa zamani.

Eish, mtu yule alijua kuhadithia! Hekalu lililochomwa moto, watawa wakatoroka na ufundi wao kichwani. Mtawa wa kike aliyetazama korongo akipigana na nyoka, akabuni mapigo yake. Ila tuliyoipenda kupita zote ni ile ya vijana waliopigana na majeshi ya wageni, wakiamini kwamba ukifanya mazoezi yao na kutamka maneno fulani, risasi haikuingii. Tukapiga kelele: kama Mai-Mai! Nani kwetu hakusikia habari za wapiganaji wa Kivu wanaonyunyiziwa maji ya dawa, risasi zikageuka matone? Mwalimu akatikisa kichwa. Alisema vijana wale walikufa wengi mno, na kwamba anayekwambia mwili unashinda risasi anataka ufe wewe, abaki yeye.

Alisema wazi kabisa. Lakini masikio yetu yalikuwa yamebaki kwenye ile nusu ya kwanza. Tulishamwona akivunja mbao kwa mkono, na tumboni alikuwa na kovu la vita asilotaka kulieleza, basi tukaamua wenyewe kwamba risasi zilimshindwa. Mama akinung'unika kuhusu ile kazi ya geti, kwamba wezi wa Johannesburg hawana mchezo, mimi nilimcheka moyoni.

Mwaka 2019 walifika pale getini na bunduki, wakamuua.

Mama alipotupa habari alikuwa amekaa sakafuni, kitana bado mkononi. Sisi hatukulia. Kanisani tulikaa benchi la mbele, macho kwenye jeneza, na wanawake wakanong'onezana kwamba watoto hawa wana roho ngumu. Hapana jamani. Tulikuwa tunamngoja aamke.

Makaburini, udongo ulipoanza kumwagwa, mdogo wangu aliwarukia wanaume wenye makoleo.

"Acheni! Mkimfunika atatokaje?"

Mama alimbeba, na hapo ndipo nilipoketi chini kwenye udongo.

Wenzetu wametawanyika, wengine wamerudi Kongo, wengine sijui waliko. Mateke nimeyasahau karibu yote. Kinachoniuma ni kwamba yeye alituambia ukweli. Ningetoa chochote anikalishe tena chini, aseme yale ya risasi polepole, nimsikilize mpaka mwisho, kisha nimng'ang'anie shati asiende kazini.