Mwezi Mzima Kwenye Uzi

Mikasi ya fundi cherehani haijui kuficha siri. Ikiwa butu kwenye ncha peke yake, ujue mwenyewe anafumua zaidi kuliko anavyoshona. Ikiwa butu kote, kazi ipo. Mimi ni mnoaji, napita nyumba kwa nyumba na jiwe langu na kopo la maji, na mikasi ya Mama Pindo nimeinoa miaka tisa. Kila mara nikiikuta butu kote. Ndiyo maana aliponiambia mwaka ule kwamba hana hela, nilimwambia, "Mwanangu, mikasi yako inasema unazo."

"Basi iulize imeziweka wapi, babu," akanijibu, na uzi ungali mdomoni.

Jina la Mama Pindo alipewa na wateja. Gauni la mtoto akilishona huliacha na pindo nene, ili mtoto akirefuka mama yake alishushe, asinunue jingine. Mafundi wenzake walimcheka wakasema anajifukuzia riziki. Labda walisema kweli. Hata mimi alinishonea suruali yenye pindo la namna hiyo, na mimi sirefuki tena, nafupika.

Alipanga vyumba viwili na mumewe, mpaka rangi wa majumba tuliyemwita Brashi, mtu mpole mwenye madoa ya rangi mpaka kwenye kope. Cha nyuma walilala wao na watoto; cha mbele kilikuwa karakana mchana na sebule jioni. Kulikuwa na meza ya kukatia, kamba ya nguo zilizokwisha, pasi ya mkaa kwenye tofali lake, na chini ya dirisha ile cherehani ya miguu yenye ukanda wa ngozi. Kila kitu mle ndani kilikuwa chao, isipokuwa hiyo cherehani. Hiyo ilikuwa ya Bibi Sindano, fundi mstaafu wa mtaa wa pili, aliyemkodishia kwa wiki.

Mwezi wa kwanza Bibi Sindano akaja, akakaa kwenye stuli, akapumua kwanza.

"Mwanangu, miguu imegoma. Mwisho wa mwezi wa sita nahamia kwa binti yangu, na huko siendi na chuma. Nakuuzia wewe kwanza. Ukishindwa, yupo mwenye duka la vitu vya mkono wa pili, hela anayo mfukoni."

Akataja bei. Haikuwa bei ya uonevu. Lakini Mama Pindo alielewa upande wa pili wa maneno yale: cherehani ikiondoka, hana nyingine. Ataajiriwa kwenye karakana ya mtu, ashone kola kutwa kwa ujira wa kola.

Brashi akapiga hesabu kwa kidole ukutani. Mapato yake, mapato ya mkewe, toa kodi ya nyumba, toa chakula. "Mwezi wa tano tunayo, na chenji inabaki."

"Hesabu yako imepakwa rangi, baba watoto," mkewe akasema. "Nje inang'aa, ndani sijui."

Mwezi ule ulipokwisha wakafungua kopo la akiba. Mlikuwa na hela ya kununulia sindano za cherehani, labda na kitambaa cha kuifutia. Na wale si walevi wala watu wa anasa. Tunasema haba na haba hujaza kibaba. Kweli. Ila haba na haba hukimaliza pia, na kinapokwisha hakipigi kelele.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wakaanza daftari. Shida ni kwamba daftari la nyumba ile lilikuwa moja, la vipimo vya wateja. Wiki ya pili ukilifungua unasoma: kiuno thelathini na nne, nyanya sita, bega kumi na tano, sabuni mche mmoja. Siku moja Brashi akatumwa dukani na karatasi iliyonakiliwa harakaharaka kutoka humo. Akarudi na vitunguu ishirini na tatu.

"Ishirini na tatu?" mkewe akashika kiuno. "Nani kakutuma kitunguu chote hicho?"

"Imeandikwa hapa, mama. Soma mwenyewe."

Akasoma. "Huu ni mkono wa mwalimu mkuu!"

"Basi leo tunamkaanga mwalimu mkuu," Brashi akasema.

Wakala vitunguu wiki nzima. Isitoshe, Mama Pindo hakupenda kalamu. Kila akitaka kuandika lazima asimamishe miguu, atafute kalamu, na akirudi kwenye kazi mshono umepinda. Ndipo akafikiria vifungo. Alikuwa na chupa iliyojaa, masalia ya miaka yote. Akapigilia misumari mitano ukutani karibu na bega lake, akaning'iniza nyuzi tano nene. Vyekundu ni chakula. Vyeusi ni mkaa. Vyeupe sabuni na maji. Vya bluu nauli. Vya kijani ni mambo mengine, na uzi huo Brashi aliuogopa kama polisi. Kifungo cha matundu manne ni noti moja ndogo, cha matundu mawili ni nusu yake. Ukitumia, unatunga hapohapo. Mwisho wa mwezi unasoma ukuta.

Yeye alishika nyuzi. Brashi alishika ufunguo wa kopo. Waligawana hivyo, kila mmoja na amana yake.

Mwezi wa pili nyuzi zilijaa na wote wakashtuka. Wakapunguza nyama, Brashi akaacha kuwanunulia chai wapaka rangi wenzake. Mwezi wa tatu ulipokwisha uzi mwekundu ulikuwa mfupi kuliko wa mwezi uliopita kwa vifungo ishirini na tatu. Mama Pindo akapiga kigelegele. Akaomba ufunguo, akafungua kopo, akahesabu. Zile noti ishirini na tatu kasoro nusu hazikuwemo.

Siku hiyo nilikuwa kizingitini nanoa. Ningeondoka, lakini mkasi wao ulikuwa umefunguliwa vipande viwili mikononi mwangu.

"Ufunguo anao nani?" Mama Pindo akauliza.

"Unajua anao nani."

"Kwa hiyo hela imeruka?"

"Unaniita mwizi, mama? Mbele ya mzee wa watu?"

"Mimi sijaita mtu. Ukuta ndio unaosema."

Brashi akauweka ufunguo mezani, taratibu, kama mtu anayeweka yai. Chai yake akaiacha inafuka, akachukua ndoo yake akaenda kazini. Siku tatu nyumba ile ilizungumza kwa ndiyo na hapana. Mimi nilipita, nikasalimu, nikaendelea na safari. Ugomvi wa mke na mume ukiunoa nawe, utakukata.

Siku ya nne akaja muuguzi mmoja na blauzi aliyoshonewa wiki mbili nyuma, apunguziwe kiuno.

"Umenipendezesha, fundi," akasema. "Ila mbona kifungo kimoja kina matundu mawili, wenzake wana manne?"

Fundi wa sifa kama Mama Pindo hawezi kuchanganya vifungo kwenye nguo moja. Akaishika blauzi, akaitazama, akatazama ukuta, akailaza mapajani. Wiki ile alikuwa na kazi saba za haraka, tatu za vifungo vyekundu. Mkono wa fundi ukihitaji kifungo hauulizi ruhusa, unakwenda kilipo. Cha karibu kilikuwa kwenye uzi, begani pake. Muuguzi saba, mama wa harusi kumi, binti wa posta sita. Jumla yake unaijua.

Hakungoja jioni. Alifunga mlango, akaenda hadi kwenye duka la dawa alikokuwa akipaka mumewe, akasimama chini ya ngazi.

"Shuka."

"Nikishuka rangi inakauka vibaya."

"Basi nisikilize hukohuko juu. Zile hela ishirini na tatu tulizila. Vifungo vyake ndivyo vilivyotoka. Nimewashonea watu. Chakula chetu cha wiki kinatembea mjini kwenye vifua vya wanawake watatu."

Brashi akamtazama kutoka juu, brashi mkononi inadondoka rangi. Halafu ngazi ikaanza kutikisika kwa kicheko.

"Kwa hiyo mwizi amepatikana?"

"Ni huu mkono. Nisamehe, mume wangu."

"Uache. Ndio unaotulisha."

Tangu siku hiyo kila Jumapili alifunga fundo juu ya vifungo vya wiki, kisichomoke hata kimoja. Vile ishirini na tatu akavirudisha kutoka kwenye chupa. Na ukuta ulipoanza kusema kweli, ulisema jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Uzi mwekundu ulikuwa wa kawaida. Uzi mweusi, wa mkaa, ulikuwa karibu kuufikia.

"Tunapika mara mbili kwa siku," Brashi akasema. "Huu mkaa wote anakula nani?"

Tulikuwa watatu mle ndani. Mmoja baada ya mwingine tukageuka tukaitazama pasi, imekaa kwenye tofali lake, inafuka moshi kama mtu asiyehusika.

Miaka tisa Mama Pindo alikuwa akiinunulia pasi mkaa kwa hela ya jikoni, kopo asubuhi na kopo mchana, na anaiwasha kwa kila nguo inayokwisha. Hakuwahi kuuhesabu mkaa huo kwenye bei ya gauni hata moja. Watoto wake walikuwa wakiwapigia wateja pasi kwa nyama ambayo hawakula. Na mkaa wa kopo, aliyewahi kununua gunia anajua, ni kama kununua ng'ombe kwa mshikaki.

Wakakopa kwenye kopo lao wenyewe, wakanunua gunia. Nguo zikawa zinapigwa pasi mara moja tu, saa tisa mchana, zote kwa pamoja. Na kila mteja akaambiwa kuna nyongeza kidogo ya pasi. Mama mmoja alilalamika, akasema atapiga mwenyewe kwake. Wiki iliyofuata alirudi na alama ya pasi mgongoni mwa gauni, anaomba kiraka. Nyongeza akailipa bila kuulizwa.

Mwezi wa nne kopo likawa na uzito. Mwezi wa tano Brashi akawa analitikisa kwa raha tu, mpaka mkewe akamkataza. Walikuwa wanakwenda kumaliza mwisho wa mwezi wa sita, siku ileile.

Lakini Bibi Sindano akatokea Jumatatu moja, wiki moja kabla. Mkwewe amepata gari la mizigo, linakuja Jumamosi. Mwenye duka amepita tena. Je, hela ipo?

Ilikuwa imepungua noti arobaini.

Zamani, Mama Pindo mwenyewe ananiambia, angesema, "Nivumilie kidogo, bibi." Safari hii alisimama akazishika nyuzi.

"Mpaka Ijumaa tutakula kumi na mbili. Mkaa upo, gunia halijafika nusu. Nauli nne. Nina sare nne za shule za kukabidhi, hizo ni thelathini na sita. Ijumaa mume wangu analipwa ishirini. Ijumaa, saa kumi alasiri, bibi. Si kesho, si Jumamosi."

Bibi Sindano akamtazama. "Miaka tisa hujawahi kunitajia saa."

"Nilikuwa sijui."

"Yule wa duka nitamwambia asubiri hadi saa kumi," bibi akasema. "Na dakika yake moja."

Ijumaa hiyo sikunoa kitu. Sare tatu zilichukuliwa. Ya nne mwenyewe hakutokea, saa nane ikapita, basi Mama Pindo akaikunja kwenye gazeti akaipeleka kwa miguu, akangoja mlangoni mpaka baba wa mtoto alipotoka usingizini. Brashi alifika anakimbia, mikono bado ya kijani. Saa kumi kasoro kidogo hela yote ilikuwa mezani.

Bibi Sindano akahesabu kwa kidole gumba kilicholowa mate. Akahesabu mara ya pili. Akazifunga kwenye leso, akainuka, akaiendea cherehani, akauchukua mto wa kitini.

"Mto ni wangu. Haukuwemo kwenye bei."

"Chukua, mama yangu," Mama Pindo akasema.

Akaketi kwenye ubao mtupu, akajiweka sawa, akaanza kukanyaga.