Ngazi ya Thelathini na Moja

Kwa miaka miwili na miezi minne fundi miwani alibaki ngazi ya thelathini na moja, na hakubaki hapo kwa kushindwa.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye dirisha pana la barabarani. Mbele alikuwa na kabati la kioo lililojaa fremu. Nyuma ya pazia, mashine ya kusagia lenzi, beseni la maji, na bisibisi ndogondogo zilizolazwa juu ya taulo kwa kufuatana na ukubwa. Kompyuta ilikaa kwenye meza ya pembeni. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, mkewe alishatangulia mbele ya haki, na mtoto alikuwa naye mmoja tu, wa kike.

Huyo binti ndiye aliyemfundisha mchezo, miezi michache kabla ya kuondoka kwenda ng'ambo kufanya kazi ya uuguzi.

"Baba, kwenye simu tutaongea nini kila siku?" alimwambia. "Umekula, nimekula, basi. Huku tutakuwa na kazi ya kufanya pamoja."

Ulikuwa mchezo wa mtandaoni, wa maelfu ya watu kwa wakati mmoja. Kila mmoja ana mhusika wake, anayeanza ngazi ya kwanza na fimbo na kaptura iliyochanika. Akiua mnyama mkali au akimaliza kazi aliyotumwa, anapata uzoefu. Uzoefu ukijaa, anapanda ngazi, na kila baada ya ngazi kadhaa dunia inamfungulia sehemu mpya ya kwenda. Binti alimpa mhusika wake jina la Kijiko. Baba akajiita Jichokali. Fundi alidhani muuguzi atachagua kuwa mganga, lakini binti alikataa katakata.

"Kutwa nzima natibu watu. Huku niache nipige."

Basi akapiga, na baba akamfuata nyuma akimfunga majeraha. Mwaka wa kwanza walipanda bega kwa bega. Jumapili mchana, saa ambazo kule kwa binti ni asubuhi, walikutana kwenye Bonde la Mianzi, wakawinda, wakapotea njia, wakacheka. Fundi alijua habari nyingi za mwanawe kupitia vidole vyake: akiwa amechoka aliandika bila nukta, akiwa na furaha aliruka hovyo mbele ya kila nguruwe pori aliyemwona.

Kisha binti akaolewa, akapata mimba, akaanza kuchukua zamu mbili mbili. Jumapili moja aliandika, "Nisubiri kidogo Baba, usije ukanipita," akatoka. Jina lake likabaki kwenye orodha kwa rangi ya kijivu.

Baba akasubiri. Na kusubiri kwenye mchezo ule hakukuwa kazi rahisi, kwa sababu aliambiwa asimpite, hata kwa ngazi moja, na yeye uzoefu wake ulikuwa umekaribia kujaa. Kila kitu kiliuongeza. Kuchuma ua kuliuongeza. Hata kukanyaga mahali ambapo hujawahi kufika kuliuongeza. Ikabidi apite njia zilezile alizokwisha kupita na binti yake, asiguse kitu, na akitokewa na mnyama atimue mbio. Kila siku baada ya chakula cha mchana alining'iniza kibao cha "Narudi sasa hivi" mlangoni, akaingia bondeni, akaketi kwenye jiwe karibu na kivuko, robo saa, akatoka.

Chama chao cha wachezaji kiliongozwa na mama mmoja aliyekuwa mpishi wa shule, na wote walimwita Mpishi. Siku moja alimkuta fundi akikimbizwa.

"Mzee wangu," akaandika, "nguruwe huyo ni ngazi ya ishirini. Hiyo fimbo ni ya nini?"

"Ya kutembelea."

Mpishi alicheka, lakini baadaye akauliza vizuri, na fundi akamweleza. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa chama aliyemtania tena. Wao wakapanda, wakavuka kwenda milimani, na bonde likazidi kuwa tupu.

Halafu likaja tangazo. Dunia ya mchezo ilikuwa inasonga mbele: kwenye hadithi yake mto ungefurika na kulifunika Bonde la Mianzi, na kuanzia Jumamosi saa kumi jioni hapangekuwa na bonde tena. Fundi alilisoma huku mteja akimsubiri na fremu mkononi. Alikaza skrubu ya fremu ile mara tatu, na mara zote ilikuwa imeshakazwa.

Jioni ile akapiga simu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Mjukuu wangu hajambo?"

"Hajambo, anasumbua tu. Mbona sauti yako hivyo? Unaumwa?"

"Siumwi. Bonde linafungwa."

Ilimchukua binti muda kuelewa bonde gani. "Baba. Bado unaingia kule?"

"Uliniambia nikusubiri."

Upande wa pili ikasikika sauti ya mtoto akigonga kitu mezani. Kisha binti akasema, taratibu, kwamba ana jambo la kumwambia. Wakati wa likizo ya uzazi wenzake wa kazini walimvuta akacheze nao. Alitengeneza mhusika mwingine, akapanda pamoja nao, na yule sasa yuko ngazi ya hamsini na mbili.

"Hamsini na mbili," fundi akarudia.

"Kijiko sikumgusa, Baba. Niliapa sitakupita. Kila nilipokuja na yule mwingine kuchungulia nilikuona umeketi kwenye jiwe, ngazi ileile, nikajua mchezo umekuchosha, unakuja kupumzisha macho tu. Nikaona haya kukuuliza."

"Na mimi niliona haya kukusumbua."

Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Lakini fundi alipoweka simu alikaa muda mrefu akifuta lenzi iliyokuwa safi. Kumbe binti alikuwa akicheka na watu wengine, kwenye misitu mingine, na yeye hakuwepo kumfunga majeraha. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyotarajia.

Alhamisi binti akapata nusu saa. Jina la Kijiko likawaka kijani, na fundi, mtu mzima, akafunga mlango wa duka mteja akiwa bado kwenye ngazi za nje.

Walitembea kando ya mto. Kisha binti akaandika, "Twende tukaue yule nguruwe pale." Fundi akaona tofauti papo hapo. Mwanawe wa zamani alikuwa anakurupuka. Huyu alizunguka nyuma kwa utulivu, akapiga mara nne, kwisha. Hakupata hata mkwaruzo. Fundi alikuwa amesimama na dawa yake mkononi, hana wa kumpa.

Mwanga ukawazunguka wote wawili. Thelathini na mbili.

"Umekuwa hodari," akaandika.

"Nimefundishwa na watu wabaya," binti akajibu. Halafu: "Mtoto ameamka baba naenda" Bila nukta.

Jumamosi saa kumi fundi alikuwa akimpima macho mwanamke aliyelalamika kwamba herufi zinacheza. Hakwenda kuangalia mafuriko.

Walikubaliana kukutana kila baada ya Jumapili moja. Binti alikuja mara mbili. Mara ya tatu alituma ujumbe kwamba mtoto ana homa. Ya nne hakutuma kitu, na fundi hakuuliza. Mpishi alimwita milimani, naye safari hii akaenda. Akapanda thelathini na tatu, thelathini na nne. Alipomweleza binti kwenye simu kwamba amempita, binti alisema, "Afadhali, Baba," na kwa namna alivyolitamka fundi alijua kwamba jambo hilo limemuuma na yeye.

Milimani kuna mji uliojengwa juu ya ziwa lililoganda, na barafu inalia chini ya miguu. Siku alipofika wenzake walitangulia mbio, naye akabaki nyuma, akigeuza macho huku na kule. Njia nzima alikuwa akitafuta maneno ya kumwelezea binti yake jinsi mahali pale palivyo.