Aliyemwonea Dina

Pale kijijini Ulemo ukiuliza nani alikuwa akimwonea Dina, hata mtoto wa chekechea angekujibu: Benson. Benson alikuwa livulana kubwa kuliko darasa lake, na Dina kisichana chembamba kinachosoma hata karatasi iliyofungiwa maandazi. Wenzake walimwita Profesa, na halikuwa jina la sifa. Benson alimnyang'anya daftari, akamfanyisha hesabu zake, akamfichia viatu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani huanza kukagua nguo? Sote tulimtazama Benson. Linanikera hadi leo.

Nyumbani kwao Dina hakuna aliyemfokea. Baba yake, Paskali, ni mtu wa sauti ya chini, na tangu mchuuzi mmoja wa alizeti kutoka Shelui aanze kuja kumposa Dina, sauti ilizidi kushuka. Wiki moja kabla ya mtihani wa darasa la saba alimwita binti yake zizini.

"Mwanangu, karatasi ya kujibia ikoje?"

Dina akafurahi kuulizwa habari za shule. Akaeleza kwamba kila swali lina herufi tano, unasiliba kwa penseli kiduara cha herufi moja, na mashine ndiyo inasahihisha.

"Basi wewe siliba A. Kote." Paskali alikuwa akimkuna ndama shingoni. "Ukifaulu, serikali itanikaba nikupeleke sekondari. Ukifeli, hakuna wa kuniuliza. Na mama yako usimsumbue na haya."

"Ndiyo, baba."

Siku ya mtihani, swali la kwanza la hesabu alilijua kabla hajamaliza kulisoma. Jibu lilikuwa D. Akasiliba A, na la pili A, huku akifuta machozi kwa kola yasilowanishe karatasi.

Matokeo yalipotoka, Benson alikuwa amefaulu na Dina amefeli. Mwalimu Klara wa darasa lao hakuamini. Alifika kwa Paskali mchana huohuo, akapewa kiti uani, na Dina akamletea maji.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Dina, niambie ukweli. Benson alikutisha ufeli? Sema tu, naenda kwa mtendaji wa kijiji leo hii, na hiyo nafasi ya sekondari ataisikia kwa wenzake."

Benson hakumtisha. Asubuhi ya mtihani alikuwa amemrudishia daftari lake la hesabu, akamwambia asante huku akitazama pembeni, na ilikuwa mara ya kwanza kumwambia neno jema.

Dina akamtazama baba yake. Paskali alitabasamu kwa upole uleule wa zizini.

"Mwambie mwalimu, mwanangu. Hapa hakuna wa kukugombeza."

"Ni Benson," alisema Dina.

Mwalimu akainuka bila kugusa maji. Paskali akamsindikiza hadi barabarani, akimshukuru njia nzima.