Lenzi ya Chuma ya Mama Tulia

Shemeji yake alimwibia lenzi. Mengine yote yaliyosemwa, kwamba alimsaidia, kwamba walibadilishana, kwamba kitu chenyewe kilikuwa cha ukoo, yalikuja baadaye kulifunika neno hilo moja. Mama Tulia alikuwa amekwenda kumuuguza mama yake mzazi. Aliporudi na kufungua chumba chake cha picha, alikuta kamera iko palepale juu ya miguu yake mitatu, lakini imevishwa lenzi nyingine.

Jina la Mama Tulia alipewa na wateja, maana kila aliyeketi kwenye stuli yake aliambiwa neno hilo kabla ya lolote. Shule hakuipata. Kazi alifundishwa na marehemu mumewe, mtu asiye na maneno mengi, aliyemshika mikono na kumfundisha kwa vidole. Kamera ilikuwa ya kisasa, ila mumewe aliiunganisha na lenzi ya zamani, chuma na shaba tupu, nzito, ya baridi asubuhi. Pete yake ya mbele ilizunguka polepole kama kijiko ndani ya asali, na ikifika mwisho inagota, haiendi tena. Mumewe aliikwaruza kwa msumari mahali panapolingana na stuli. Kidole gumba kikilala juu ya mkwaruzo, uso wa mteja unatoka mkali mpaka kope zinahesabika. Pete ya nyuma, ya kuongeza na kupunguza mwanga, ilikuwa inalia. Kwa taa zake mbili, akianzia mwisho wa giza, milio mitatu ilitosha. Tik, tik, tik, kisha, "Tulia."

Ndiyo maana macho yalipoanza kumwingia ukungu hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na kwa nini? Vidole vilikuwa vinaona.

Hii mpya ilikuwa nyepesi kama chupa tupu. Ukiitikisa, kitu kinacheza ndani. Pete yake ilizunguka bila kupinga na bila kufika popote, kama gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa.

"Nimekuboreshea, shem," shemeji alimwambia. Alikuwa mdogo wa marehemu, mpiga video wa harusi, mtu wa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. "Siku hizi inajitafutia uso yenyewe. Wewe kazi yako kubonyeza tu, kama kengele ya mlango."

"Basi ikae yenyewe dukani, mimi nikalale. Ya kwangu iko wapi?"

"Nimeipeleka kusafishwa."

Tuseme haki, lenzi mpya haikuwa mbovu. Nje kwenye jua, mwenye macho mazima angepata nayo picha safi. Lakini chumba cha Mama Tulia kilikuwa na mwanga hafifu, na mashine ile ikikosa mwanga inahangaika, inakwenda mbele, inarudi nyuma, inakoroma, halafu inang'ang'ania maua ya pazia. Maua yalitoka makali, nyuso zikatoka kama zimepakwa mafuta. Kwenye kioo kidogo cha kamera yeye aliona rangi tu, akaamini ni picha.

Wateja walianza kurudi. Mwalimu mmoja alirudisha picha yake ya kitambulisho akasema, "Mama Tulia, hapa nilitulia, wewe ndiye uliyetikisika." Watu walicheka. Yeye pia alicheka, kisha akafunga mlango kabla ya saa yake. Chumba kilikuwa cha mama mkwe, sehemu ya nyumba yake, na shemeji alikuwa amekwisha kumnong'oneza mama yake kwamba chumba kinakufa mikononi mwa mtu aliyechoka.

Lenzi aliipata kwenye harusi ya mtoto wa wifi yake. Shemeji alikuwa ameiweka kamera yake kitini akaenda kula. Mama Tulia alipotaka kukaa aliisogeza, na kidole gumba kikalala juu ya mkwaruzo. Alijua kabla ya kutazama.

"Sisi watu wa video tunazitafuta sana hizi," shemeji alisema aliporudi, bila kuona haya. "Mpya zinarukaruka. Hii inavuta taratibu."

"Ungeomba."

"Ningeomba, ungenipa?"

"Nisingekupa."

"Unaona sasa."

Akaenda kwa mama mkwe. Hakulia. Alisema, "Mama, mwambie anirudishie lenzi, halafu ukae wewe mwenyewe kwenye stuli. Nikikosea, chumba mpe."

Shemeji alikubali haraka mno. Hapo ndipo Mama Tulia angepaswa kushtuka, lakini mtu anayezama hachungulii kamba aliyotupiwa.

Mama mkwe alikaa, akanyoosha shingo. Mama Tulia akazungusha pete ya mbele, na mkono wake ukafurahi, maana ilikuwa asali ileile, mkwaruzo uleule. Akaishika pete ya nyuma, akaipeleka mwisho wa giza, akaanza kuirudisha huku akisikiliza. Haikulia. Iliteleza kama sabuni. Akarudi mwanzo, akaanza tena. Kimya.

"Tulia," alisema, ingawa mama mkwe hakuwa amesogea. Akabonyeza.

"Nimetoka kivuli," alisema mama mkwe alipotazama.

Akapiga ya pili, akikisia. Hiyo ilitoka nyeupe kama ukuta uliopakwa chokaa.

"Kile kinacholia kiko wapi?" Mama Tulia alimgeukia shemeji.

"Nilikitoa. Kilikuwa kinaingia kwenye sauti ya video. Kigololi tu, shem, hakifiki hata punje ya mtama."

"Kiko wapi?"

"Nani anaweka takataka?"

"Pete ina namba, mwanangu," alisema mama mkwe taratibu, akimtazama Mama Tulia. "Si usome?"

Mama Tulia akasimama katikati ya chumba chake. Ili kumshtaki mwizi ilimbidi aeleze alichoibiwa, na kukieleza ni kujimaliza. Akakieleza. "Mama, namba sizioni. Huwa nasikia."

Shemeji alivua miwani yake. Mama mkwe alishuka kwenye stuli akidai kiuno kinamuuma, akasema mpiga picha asiyeona ni mambo mapya kwake, na chumba kikawa cha mwanawe jioni hiyohiyo. Ile lenzi nyepesi walimwachia. Iko kwake juu ya kabati, na akifuta vumbi kile kitu cha ndani kinacheza.

Shemeji bado anadaiwa lenzi pamoja na kigololi chake, na neno "niliiba", alitamke mbele ya mama yake. Mama mkwe naye anadaiwa kukaa kwenye stuli mara moja tu zaidi, pete ikiwa inalia.