Mzambarau wa Marehemu

Mume wangu alikuwa mtu wa mbio, na mimi nilikuwa mtu wa kumcheka. Kila Jumamosi alfajiri alivaa raba na fulana ya kijani ya kikundi chao cha jogingi, akatoka kwa kunyata asije akaniamsha, na karibu kila Jumamosi alijikwaa kwenye ndoo ya mlangoni akaniamsha. Nilikuwa namwambia mtu mzima hakimbii bila kufukuzwa. Alicheka tu, akaenda zake, akarudi asubuhi ana jasho, maumivu ya mgongo na habari za mji mzima.

Moyo wake ulisimama mchana mmoja akiwa kazini, bila taarifa. Kikundi chote kilikuja msibani kwetu Igogo na fulana zao zilezile. Walichota maji, wakapasua kuni, wakalala chini ya turubai pamoja na ndugu. Tulipoanua matanga watu walitawanyika, maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sikumlaumu mtu. Lakini Jumamosi moja, jua halijatoka, nikasikia hodi. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi, mstaafu wa kiwanda kimoja cha Nyakato na rafiki mkubwa wa marehemu.

"Shemeji, vaa viatu twende."

"Niende wapi na magoti haya?"

"Sisi tunakwenda kwa mwendo wa mtu wa mwisho. Leo wa mwisho ni wewe."

Nilikwenda ili waache kunisumbua, sikuwa na sababu nyingine. Nilidhani nitakwenda mara moja tu, halafu nitasingizia presha.

Kumbe hawakimbii kimya. Ni mchakamchaka uleule wa shule ya msingi: mistari miwili, mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia, na miguu inafuata wimbo. Anayeanzisha husikiliza sauti za nyuma. Zikianza kukatika, anaupunguza wimbo mpaka waliochoka wapate pumzi ya kuitikia. Siku ile wimbo ulipunguzwa kwa ajili yangu mpaka ukawa kama wa kubembelezea mtoto. Nilikasirika, nikaitikia kwa nguvu ili waongeze mwendo, na wakaongeza, nikajuta.

Mbio ziliishia kwenye kipande cha ardhi kati ya barabara na ziwa, mahali ambapo zamani watu walitupa taka. Kikundi kiliomba ruhusa ya kupatunza na kupanda miti. Hapo ndipo walipofanya kazi kabla ya kurudi nyumbani: waliokota chupa za plastiki, wakavuta gugumaji ufukweni na kulianika, likikauka wakalitandaza chini ya miche ili udongo usikauke. Kila mche ulizungushiwa miiba kwa sababu ya mbuzi. Maji walichota ziwani kwa madumu na ndoo, wakamwagilia kwa mstari, mti mmoja baada ya mwingine, hakuna kuruka.

Nilipoona miti ile, nikaanza kuutafuta wa mume wangu. Nikauliza, "Ule wake ni upi?"

Dada mmoja anayeuza matunda, mwenye mdomo mkali kunizidi mimi, ndiye aliyenieleza kwamba miti yao haina wenyewe. Mwanzoni kila mtu alikuwa na wake. Aliyesafiri kwenda Sengerema kulima alirudi akakuta mche umekufa kwa kiu, huku wa jirani yake ukineemeka hatua mbili tu kutoka pale. Wakakubaliana: miti ni ya wote, na anayekuja anamwagilia yote.

"Lakini mtu anakumbuka alipochimba shimo," nilisema. "Na wenzake wanakumbuka."

Walitazamana, wakarudi kwenye kazi. Nilirudi nyumbani nimevimba. Nilikuwa na nguo zake, raba zake na picha yake ya kitambulisho, vitu vya mtu aliyekwisha. Nilitaka kitu chake kimoja kinachoendelea kuishi, na watu wale walikuwa wakininyima kwa sababu ya sheria yao.

Jumamosi iliyofuata mwenyekiti alinivuta pembeni. Alinionyesha mzambarau mdogo karibu na jiwe kubwa. "Huu hapa, shemeji. Alichimba mwenyewe." Alisema haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu, nami sikujiuliza kwa nini.

Tangu siku hiyo sikukosa Jumamosi hata moja. Magoti yalizoea, au yalikata tamaa. Nilifika, nikaupapasa mzambarau, nikang'oa magugu, nikaufunga kwenye fimbo usiinamishwe na upepo wa ziwani. Nilizungumza nao pia, wengine wakijifanya hawasikii. Nilikuwa na furaha.

Ila ndani ya furaha hiyo kulikuwa na mwiba. Nyumbani kwetu mume wangu hakuwahi kupanda hata mchicha. Mpapai wa uani niliupanda mimi, na bomba lilipovuja alilitazama mpaka nikamwita fundi. Nilikuwa namwambia uvivu ni nyumba ya njaa, naye ananijibu kwamba nyumba ni nyumba. Sasa mtu huyu aliyechimba shimo kwenye ardhi ngumu yenye mawe, alfajiri, kwa ajili ya watu baki, alikuwa nani? Nilisimama mbele ya mzambarau nikaona fahari, halafu nikaona wivu. Kwamba nimeishi na mtu miaka yote ile, na upande wake mzuri wamepewa wengine. Nilimlilia, ndiyo, lakini nilikuwa simjui ninayemlilia.

Kiangazi kilipokuja maji ya ziwa yalirudi nyuma, na safari ya kuchota ikawa ndefu, ya kupita kwenye matope. Watu walichoka upesi. Mimi nilichota madumu mawili na yote mawili nikayapeleka kwenye mzambarau. Wiki ya kwanza walininyamazia, na ya pili pia. Wiki ya tatu miti ya mwisho wa mstari ilikuwa imenyauka, huku mzambarau wangu uking'aa kama umepakwa mafuta. Yule dada wa matunda akaweka ndoo yake chini.

"Dada yangu, maji ni ya wote."

"Nafanya kwa ajili ya mume wangu. Wewe wako yuko nyumbani anakunywa chai."

Nilijua nimesema vibaya, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Akamgeukia mwenyekiti. "Mwambie. Au nimwambie mimi."

Mwenyekiti alivua kofia. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia pale kwenye matope.

"Shemeji, nisamehe. Huu mti niliupanda mimi."

"Na wake ni upi?"

"Hana."

"Hana vipi?"

"Marehemu hakupanda mti. Mbio alikuwa anakimbia vizuri tu. Tukifika hapa, jembe likimkaribia, anashikwa na misuli. Anakaa kwenye lile jiwe, anavua raba, anaanza kusimulia. Tunachimba, yeye anasimulia."

"Miaka yote?"

"Miaka yote."

"Na hamkumfukuza?"

"Tumfukuzeje, na kazi ilikuwa inaisha hatujui imeishaje?" Alisema huku anatabasamu bila kupenda. "Wewe ulikuja umeinama, unauliza mti. Ningekwambia alikuwa anakaa?"

Niliwatazama wote. Walikuwa wamesimama na madumu yao wakingoja nilipuke, kwa kuwa walishanijua. Nami nililipuka, ila si walivyotarajia.

"Mgongo!" nilisema. "Alikuwa anarudi nyumbani anaguna, anasema mmemchimbisha mashimo. Nilikuwa nampashia maji, namkanda mgongo. Kila Jumamosi!"

Yule dada wa matunda akacheka, akajaribu kujizuia, akashindwa, na wengine wakafuata, na mwenyekiti akaficha uso kwa kofia. Nami nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye gugumaji kavu. Nilimwona. Amekaa pale juu ya jiwe, vidole vya miguu vinapunga upepo, mikono inapaa hewani anaponogesha hadithi, na wenzake wameinamia majembe wanavunjika mbavu. Hakuwa mtu mwingine huku. Hakuna mtu baki aliyepewa kitu ambacho mimi nilinyimwa. Alikuwa yuleyule mvivu wangu, mwongo wangu wa mgongo, mzima mzima, na hatarudi tena kuniamsha.

Hapo kicheko kikageuka, na kwa mara ya kwanza tangu tumzike, nikamlilia yeye.