Kiti Namba Kumi na Mbili cha Dobi wa Santa Olaya

Saa kumi na moja na robo alfajiri, siku ya Jumapili, Eudosia Hodge amepiga magoti juu ya gunia lililokunjwa, anasugua goti la suruali nyeupe kwa burashi. Umeme umekatika. Mashine ya kufulia imenyamaza, na kati ya jezi kumi na nane zinazotakiwa uwanjani mchana, tisa bado zina udongo mwekundu.

Mkono unapenya kwenye kidirisha cha chumba cha dobi, nyuma ya uwanja wa besiboli wa Santa Olaya. Ni mkono mpana, umeganda weusi wa utomvu wa ndizi, na umeshika noti ya peso mia tano.

"Moja, mama," inasema sauti kutoka nje.

Eudosia hainui kichwa. "Moja nini? Shati au suruali?"

"Tiketi."

"Hapa kwa dobi, mzee. Tiketi ziliisha Alhamisi. Kaka yangu mwenyewe leo atasikiliza redioni."

Mkono haurudi nyuma. Eudosia anachukua mshumaa na kufungua mlango. Nje amesimama mwanamume wa miaka sitini na mitatu, kofia ya ukindu imeshuka hadi kwenye nyusi, mkungu wa ndizi za kupika umelala miguuni pake.

Anajitambulisha: Emeterio Féliz, mkulima wa Tamayo, upande wa pili wa nchi. Amekuja kwa lori la ndizi, kisha mabasi mawili. Mwanawe Odalis, mwenye umri wa miaka ishirini na miwili, ndiye mrushaji wa Tamayo katika mchezo wa leo.

"Mwanao ndiye anataka kutunyima kombe?" Eudosia anamuuliza.

"Ndiye huyo."

"Na wewe unakuja kugonga kwangu!"

"Niliona mshumaa, mama. Kwingine kote giza."

Eudosia anacheka hadi anashika kiuno. Kisha anauliza swali ambalo, asema, lingemtoka mwanamke yeyote wa mji huu: amemwona mwanawe akirusha mara ngapi?

Mzee anatazama ndizi zake. "Hata mara moja. Jumapili ni siku ya kupakia. Lori halisubiri mtu. Miaka sita nasimuliwa tu. Mwaka huu nikasema, ndizi zioze."

Hapo ndipo Eudosia anapotamka maneno ambayo yataanza kumgharimu kabla jua halijazama.

"Utaketi kwenye kiti changu. Namba kumi na mbili, mstari wa kwanza, upande wa kituo cha tatu. Utaketi hapo mpaka mpigaji wetu wa mwisho atolewe. Nimekuahidi."

"Na wewe utakaa wapi?"

"Mimi nina ndoo."

Mzee anaomba jambo moja zaidi: Odalis asiambiwe. "Akijua nipo, mkono utamtetemeka."

Eudosia, ambaye mji mzima humwita Dada Dosia, ana miaka hamsini na minane. Amefua jezi za timu hii kwa miaka ishirini na miwili. Babu yake alikuja kutoka visiwa jirani vya Waingereza kukata miwa, akaacha jina la Hodge, mapishi ya maandazi ya kuchemsha na mapenzi ya besiboli. Kiwanda cha sukari kilizimwa zamani, lakini mchezo haukuzimwa.

Hulipwa peso elfu kumi na sita kwa mwezi, tena msimu ukiwapo. Pengo huliziba kwa kufua nguo za majirani. Kinachomfanya asiondoke ni sehemu ya malipo isiyoingia benki: viti vitatu, namba kumi na moja, kumi na mbili na kumi na tatu.

Kumi na moja ni cha mama yake, Bibi Telma, mwenye miaka themanini na minne. Kumi na tatu ni cha binti yake, Yokasta, muuguzi, ambaye hubadilishana zamu ili asikose Jumapili. Hapo familia imekula, imegombana na kupatana. Yokasta alijifunza kuhesabu hapo, kwa kuhesabu wapigaji waliotolewa.

"Baba wa mtoto huyu alinichumbia kwenye awamu ya saba ya mchezo," Eudosia anasema, akimwonyesha binti yake kwa kidevu. "Nikamwambia angoje, tuna watu vituo viwili, pointi inakaribia."

Kazi imempa elimu yake mwenyewe. Hushika suruali na kukueleza mchezo ulivyokuwa: nani aliteleza kwa ubavu, nani aliogopa kuteleza, nani aliketi benchi mchana kutwa. "Wengine husoma magazeti," anasema. "Mimi nasoma matope. Matope hayajui kusifia mtu."

Jumapili hiyo, kila mtu Santa Olaya alijua hesabu. Mji ulikuwa umeshinda mchezo wa kwanza kati ya mitatu ya fainali. Ukishinda huu wa pili, kombe ni lake. Ukishindwa, mchezo wa mwisho utachezwa Tamayo, saa sita barabarani, safari ambayo miguu ya Bibi Telma haiwezi kuahidi.

Mara ya mwisho Santa Olaya kubeba kombe, miaka ishirini na saba iliyopita, Bibi Telma alikuwa amelazwa hospitalini. Hakuliona. Tangu hapo huandika kila mchezo, mrusho kwa mrusho, katika madaftari ya shule anayoyapanga chini ya kitanda.

"Sina ombi jingine kwa Mungu," Eudosia alisema asubuhi ile, akikamua shati la mwisho. "Mama aliandike kombe kwa mkono wake mwenyewe."

Mchezo ulianza saa nane. Eudosia aligeuza ndoo yake ya bluu juu chini, akaketi kwenye ngazi karibu na kiti chake mwenyewe. Don Emeterio, kama wazee wanavyoitwa huku kwa heshima, aliketi katikati ya Bibi Telma na Yokasta, kofia imeshuka, mikono katikati ya magoti. Pembeni, Fello, mpiga ngoma na kiongozi wa washangiliaji, alikuwa ameshaanza kuwazomea wageni.

"Tamayo! Mmesahau ndizi jikoni, zinaungua!"

Kijana Odalis alikuwa mrefu, mwembamba, na hakuwa na haraka. Alirusha kama mtu anayetupa barua chini ya mlango. Wapigaji watatu wa kwanza wa Santa Olaya walirudi benchi. Watatu waliofuata vilevile. Awamu ya nne Tamayo walipata pointi moja. Yao ilibaki moja, yetu sifuri.

Kufikia awamu ya sita, ngoma ya Fello ilikuwa imepungua kasi. Hakuna mpigaji hata mmoja wa nyumbani aliyekuwa amefika kituo cha kwanza kwa gongo lake. Kila mtu aliliona jambo hilo na hakuna aliyelitaja. Mrushaji asipopigwa hata mpira mmoja wa kumfikisha mpigaji kituoni mpaka awamu ya tisa, ambayo ni ya mwisho, hiyo ni siku ambayo watu huisimulia maisha yao yote, na wengi huzeeka bila kuiona.

Kuna desturi pia, na hapa Santa Olaya inashikwa kuliko amri kumi. Bahati ya namna hiyo huwa imekalia kiti fulani jukwaani. Aliyekikalia, akiwa upande wa mrushaji, hahami, hata kibofu kimbane. Na walio upande wa pili hukitafuta kiti hicho ili wamhamishe aliyekikalia.

Washangiliaji wetu wakakipata awamu ya saba, kwa kosa la Bibi Telma.

Bibi Telma hasikii vizuri, kwa hiyo huongea kana kwamba dunia nzima ina ugonjwa huo. Alimwonea huruma mgeni aliyekuwa hajala kitu tangu asubuhi. Akamkatia chapati ya kukaanga, akauliza kwa sauti iliyofika kituo cha pili:

"Na mwanao, kijana wa watu! Amekula kitu kabla ya kuja kutunyanyasa?"

Ngoma ikakoma.

"Mwanao?" Fello aliuliza. "Dada Dosia, huyo mzee ni nani?"

Eudosia angeweza kudanganya. "Ni mgeni wangu," alisema. "Ni baba wa yule anayerusha."

"Babake! Umemkalisha babake kwenye mstari wetu wa kwanza! Ndiyo maana gongo haligusi kitu!"

"Gongo haligusi kwa sababu mpwa wako anapiga kama anafukuza nzi," alidakia Yokasta.

Watu wakacheka, lakini kicheko hakikudumu. Mtu mmoja alianza, kisha kumi, kisha jukwaa zima la upande wa jua: "Mhamishe! Mhamishe!"

Fello si mtu mbaya, na ombi lake lilikuwa dogo. Akashuka ngazi, akachuchumaa karibu na ndoo. "Dada yangu, hatumfukuzi. Nisikilize. Tunamsogeza tu, viti vinne. Tena kivulini! Nitamnunulia bia baridi mimi mwenyewe. Viti vinne tu."

"Kutoka huko nguzo inamziba mrushaji."

"Si ataona mengine?"

"Fello, hakuja kuona mengine."

Don Emeterio alianza kuinuka. "Mama, niache niende. Nimeona awamu saba. Mtu akishiba hasubiri sahani ivunjike."

Eudosia alimwekea mkono begani, mkono ule uliopauka kwa sabuni na dawa ya madoa, akamrudisha kitini. "Nilikwambia mpaka wa mwisho. Sikukwambia mpaka awamu ya saba."

"Dosia," Fello alisema, na sasa hakuwa akitania, "mfikirie mama yako. Hili ndilo kombe lake. Ukimwacha huyu hapa, kesho natuma mtu achukue nguo zangu kwako. Zangu na za ukoo wangu wote."

Hilo la mama yake ndilo lililomgusa. Alimgeukia mama yake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo, anakiri, hakujua la kufanya. "Mama, umesikia?"

"Nimesikia. Wote mnapiga kelele." Bibi Telma alilamba ncha ya penseli. "Ningependa kuliona kombe. Sikatai. Lakini tukishinda hivyo, hapa nitaandika nini? Kwamba tulimhamisha mzee wa watu?" Kisha akamgeukia mgeni. "Wewe kaa. Ila usitabasamu sana."

Fello alitimiza tishio lake. Jumatatu asubuhi familia nne zilichukua marobota yao, na Eudosia akapoteza karibu robo ya kipato chake cha wiki. Nilipokwenda kumhoji kwa ajili ya habari hii alikuwa akianika, na hakuonekana mtu aliyeshindwa. Alikuwa akiimba.

"Mbili zimesharudi," aliniambia siku ya Jumatano. "Wamejaribu kufua wenyewe. Udongo wa Santa Olaya si mchezo."

Ameshapanga Jumapili ijayo. Dereva mmoja wa basi amekubali kumpa Bibi Telma kiti cha mbele, wasimame kila baada ya saa moja anyooshe miguu. Huko Tamayo, Don Emeterio ametuma ujumbe kwamba kuna viti vitatu na mto wa kukalia.

"Tutalichukua kombe huko huko, mbele ya ndizi zao," anasema Eudosia. "Na Mama ataliandika. Sikuacha kuliomba. Nimeliongezea safari tu."

Lakini Jumapili ile ilikuwa bado na awamu mbili.

Ya nane ilipita. Ya tisa, mpigaji wa kwanza alikosa mara tatu. Wa pili alipiga mpira wa chini, ukadakwa na kurushwa kituo cha kwanza kabla hajafika. Fello alikuwa ameshika fimbo za ngoma bila kupiga. Yokasta alikuwa ameukamata mkono wa mgeni bila kujua ni wa nani.

Wa tatu, ambaye akitolewa mchezo unaisha, alikuwa mpwa wa Fello. Akaupiga. Ukapaa juu kabisa, upande wa katikati, watu elfu mbili wakainua nyuso na Eudosia akasimama juu ya ndoo. Kwa muda ambao mtu huvuta pumzi moja, mchezo ulikuwa sare na kombe lilikuwa bado hai. Kisha mlinzi wa Tamayo akarudi nyuma hatua nne, akagusa ukuta kwa mgongo, akaufungia mpira ndani ya glovu.

Tamayo moja, Santa Olaya sifuri. Hakuna aliyepiga ngoma, hakuna aliyezomea. Watu walikuwa wamenyang'anywa kitu na kupewa kingine kwa wakati mmoja, na hawakujua waanze na kipi.

Bibi Telma alimaliza kuandika. Akaweka penseli ndani ya daftari, akashika chuma cha mbele kwa mkono mmoja na bega la binti yake kwa mwingine, akasimama wima. Miaka themanini na minne. Akaanza kupiga makofi.

Mstari wa kwanza ukasimama, wa pili ukafuata, kisha jukwaa la jua na la kivuli. Fello alikuwa wa mwisho mwisho, fimbo zimebanwa kwapani, lakini alisimama na kupiga makofi hadi viganja vikamwasha. Katikati ya uwanja, Odalis Féliz alivua kofia na kulitazama jukwaa la wapinzani wake kana kwamba limesema jina lake.

Mtu mmoja tu alikuwa bado ameketi. Mikono ilikuwa katikati ya magoti, machozi yakimdondokea kwenye utomvu wa ndizi.

"Mama," Don Emeterio aliuliza, "huyo ndiye alikuwa wa mwisho?"

"Ndiye," Eudosia alisema. Akamvua kofia ya ukindu kwa mkono wake mwenyewe. "Sasa simama, mzee. Simama mwanao akuone."